Barua ya wazi kwa wakubwa na wasomi wa somo la Kiingereza: mnayoyajua yafike darasani kabla ya Januari 2028

Kwenu Mheshimiwa Waziri wa Elimu, wakubwa wa TAMISEMI, Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu, Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani (NECTA), wakuu wa vyuo vya ualimu, na nyie maprofesa na wahadhiri wetu wa Kiingereza, kuanzia Mlimani kule Dar mpaka hapa kwetu Makumira, na Moshi pale Mwenge na Stefano Moshi. Shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari ya kata, Arusha upande wa Ngaramtoni. Shule siitaji kwa sababu ninayoyaandika sio ya shule moja, nikikaa na wenzangu wa Usa River, wa Himo, wa Pasua pale Moshi, tunaongea yale yale mpaka mtu atadhani tunafundisha darasa moja. Naandika kwa Kiswahili ili na mzazi asome, maana hili jambo ni la mtoto wake na miaka yote limejadiliwa kwa lugha ambayo yeye haipati.

Niende moja kwa moja. Nyie mnajua jinsi mtoto anavyojifunza lugha ya kigeni. Mmesoma, mmeandika, mnafundisha vyuoni. Sisi huku chini tunafundisha kana kwamba hayo mambo hakuna aliyewahi kuyagundua, na sio kwa ubishi, ni kwa sababu hayajatufikia, au yalitufikia kwa semina ya siku moja halafu wiki iliyofuata mtihani ukaturudisha kule kule tulikokuwa. Ninachoomba ni mshuke nayo mpaka darasani, na mshuke kabla ya Januari 2028.

Kwanini 2028. Watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024 wako kwenye mtaala mpya wa kumaliza msingi darasa la sita, na wale waliokuwa la nne mwaka huo huo wanaendelea na ule wa zamani mpaka la saba. Pigeni hesabu, wote wanamaliza 2027. Januari 2028 wanaingia fom wan kwa mkupuo, la sita na la saba pamoja. Madarasa yanajengwa na nashukuru kwa hilo kutoka moyoni, madawati yatakuja, walimu wataajiriwa kidogo kidogo. Lakini bado sijamsikia mtu akiuliza hawa watoto wote wataelewaje kitu siku ile mwalimu wa baiolojia anaposimama mbele na kuanza kwa Kiingereza, na nusu yao wana mwaka mmoja pungufu wa kusoma kuliko kaka zao.

Maana hata sasa hivi hali ni ngumu. Darasa langu la fom wan lina watoto zaidi ya 70. Msingi walisoma kila kitu kwa Kiswahili, na wale wanaotoka huku pembeni kwa Waarusha na Wamaasai, Kiswahili chenyewe wengine walikikuta shuleni, kwa hiyo Kiingereza kwao ni lugha ya tatu na hakuna anayewahesabia hivyo. Tunapewa zile wiki za mwanzo za kumvusha mtoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, wazo zuri sana lile, ila watoto wanaripoti kwa mafungu, wa mwisho anafika Februari au Machi kwa sababu sare ilikuwa bado kwa fundi, na akifika anakuta wenzake wameshaanza topiki ya pili ya fizikia. Huyo havushwi na mtu, anajirusha mwenyewe.

Profesa Paul Nation wa New Zealand, mnamjua kuliko mimi, kazi yake ya maisha ni maneno, mtu anahitaji maneno mangapi ili aelewe anachosoma. Hesabu inayotoka kwenye utafiti wake ni kwamba kusoma mwenyewe bila msaada na ukaelewa vizuri, ujue kama asilimia 98 ya maneno yaliyoko kwenye ukurasa. Yaani kwenye maneno 100 yale usiyoyajua yawe mawili tu. Chukueni kitabu cha baiolojia cha fom wan, mpeni mtoto wa shule yoyote ya kata, mwambieni apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Fanyeni tu hilo, nusu saa, hamhitaji bajeti. Mtaona mistari mpaka mtashindwa kuendelea kuangalia. Na huyo mtoto jioni ana notsi kurasa tatu alizonakili ubaoni kwa mwandiko safi kabisa, mama yake anaziangalia anafurahi.

Na hili sio jipya, hapo ndipo linaponiuma. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia msingi mpaka chuo kikuu. Walikuta kwamba fom foo waliofikia kile kiwango ambacho ungetegemea mtu ndio AANZE kusoma masomo kwa Kiingereza ni kama asilimia 10. Sio kumaliza jamani, kuanza. Na kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa sekondari waliowapima walikuwa wanapita shule nzima huku masomo mengine hayawaingii au yanaingia kidogo sana. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alisema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Miaka miwili kabla ya hapo Tume ya Makweta, ile tume ya rais ya kuangalia elimu, ilikuwa imependekeza sekondari ihamie Kiswahili kuanzia 1985, serikali haikukubali. Wakaja wasomi wetu wenyewe, Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, Casmir Rubagumya, wakaandika tena na tena, wakaonyesha kwamba kumfundishia mtoto masomo yote kwa Kiingereza sio njia ya kumfundisha Kiingereza, ni mambo mawili tofauti. Zaidi ya miaka 40 sasa tangu 1984. Mtoto aliyepimwa na Criper na Dodd leo ana wajukuu, na mjukuu ndio huyo yuko kwangu fom wan.

Kwenye ule mjadala mkubwa wa lugha ya kufundishia mimi msimamo wangu ninao, naamini mtoto afundishwe sayansi kwa lugha anayoielewa na Kiingereza afundishwe kama somo, kwa nguvu na kwa ustadi. Lakini leo siandikii hilo. Hata mkiamua vipi, huku au kule, somo la Kiingereza litabaki kwenye ratiba, na likiendelea kufundishwa hivi hakuna uamuzi utakaomsaidia huyu mtoto. Kwa hiyo naomba ule mjadala usitumike tena kama sababu ya kusubiri.

Sasa nije kwenu wasomi, kwa heshima zote.

Mnakuja shuleni kwetu. Au mnawatuma wanafunzi wenu wa masta na wa uzamivu. Anakuja na barua ya mkurugenzi, anakuja na dodoso, kurasa sita saba, mwalimu una miaka mingapi kazini, unatumia mbinu gani shirikishi, changamoto zipi unakutana nazo, zungushia jibu. Tunajaza. Wakati mwingine anaomba akae nyuma ya darasa aangalie kipindi, tunamkaribisha, watoto wanavaa vizuri siku hiyo. Anashukuru, anaondoka, na hatumuoni tena. Kazi yake inaenda kukaa kwenye rafu ya chuo na kwenye kompyuta za chuo, kwa Kiingereza kigumu, na ndani yake yako majina yetu ya kificho, Mwalimu A, Mwalimu B, na mapendekezo mwishoni kwamba walimu wajengewe uwezo. Mwalimu A ndio mimi sasa. Nijengeeni basi.

Hamtumwi na ubaya, najua, na wengi wenu mlianza kwa chaki kama sisi. Ila mfumo hauwadai mrudi. Ndio maana namuomba Waziri na wakuu wa vyuo, wekeni sharti moja rahisi, mtafiti yeyote aliyekusanya taarifa shuleni asipitishwe mpaka awe amerudi kwenye ile ile shule na kueleza alichokikuta, saa moja tu, kwa Kiswahili, na aache karatasi moja ya nini kifanyike Jumatatu asubuhi. Sio mapendekezo kwa serikali, hapana, kwa mwalimu mwenye watoto 70 na chaki. Tungekuwa na karatasi za hivyo kwenye ofisi ya taaluma za miaka yote hii, tungekuwa mbali.

Na mikutano. Arusha ni mji wa mikutano, kila mtu anajua, kituo cha mikutano cha AICC pale na mahoteli yote yale, wasomi wa elimu na lugha wanakutana hapa toka Afrika nzima na nje, wanajadili mambo mazuri sana kilomita kumi au kumi na mbili kutoka kwenye darasa langu. Naombeni kila mkutano wa namna hiyo utoe asubuhi moja. Daladala za Ngaramtoni zipo, za Tengeru zipo. Mje mfundishe kipindi kimoja, sio kukagua, kufundisha, sisi tukae nyuma na daftari tujifunze kwa macho. Mwalimu anajifunza zaidi kwa kumuona mwenzake akifundisha watoto wale wale anaowajua kuliko kwa slaidi 60.

Kitu kingine, vitabu. Hapa naomba mnivumilie niongee kwa kirefu kwa sababu ndio jambo ninaloliamini kuliko yote.

Mwanzoni mwa miaka ya 80, mtafiti Warwick Elley na mwenzake Francis Mangubhai walifanya jaribio kwenye shule za msingi za vijijini Fiji. Vijijini kweli, watoto ambao Kiingereza nyumbani hawakisikii, vitabu hawana, hali inayofanana na ya Monduli au Same. Walichofanya ni kujaza vitabu vya hadithi darasani, vyenye picha, vya kuvutia, vitabu 250 kwa darasa, kwa watoto wa darasa la nne na la tano. Madarasa mengine watoto walisoma wenyewe kimya kila siku, mengine mwalimu alisoma nao hadithi kwa pamoja, wakaijadili, wakaichora, wakaiigiza. Madarasa ya kulinganishia yaliendelea na sarufi na kurudia sentensi kama kawaida. Baada ya kama miezi minane, waliokuwa na vitabu walikuwa wamepiga hatua kwenye kusoma na kusikiliza mara mbili ya kawaida. Na mwaka wa pili faida ikasambaa mpaka kwenye kuandika na sarufi, sarufi ambayo wenzao ndio walikuwa wanafundishwa hiyo kila siku!

Nilipoisoma hii habari nilikaa nayo siku nyingi. Kwa sababu hakuna pale kitu ambacho sisi hatukiwezi. Hakuna intaneti, hakuna maabara ya lugha, hakuna mwalimu kutoka London. Ni hadithi, nyingi, rahisi, zinazomvuta mtoto, na muda kwenye ratiba wa kuzisoma.

Kwetu mtoto wa sekondari anaonana na kitabu cha kiada, basi. Vile vitabu vya fasihi vya fom srii na fom foo, riwaya na tamthilia za kujibia mtihani, shule ina nakala chache, na watoto hawavisomi, wanasoma kile kijitabu cha uchambuzi kinachofotokopiwa na kuuzwa mtaani, wahusika hawa, dhamira hizi, kariri. Mtoto anaandika insha ya kurasa mbili kuhusu riwaya ambayo hajawahi kufungua jalada lake. Na anafaulu.

Baada ya ile ripoti ya 1984 Waingereza walileta mradi kuanzia 1987 na sehemu yake ilikuwa ni vitabu vyepesi vya kusoma kwa ajili ya sekondari, walimu waliokuwa wanafunzi wakati ule wanavikumbuka, mpaka leo ukiingia stoo za shule kongwe unaweza kukuta kimoja kimeliwa na mchwa. Mradi uliisha, pesa zikaisha, na vitabu vikaisha navyo. Ndio maana siombi mradi. Naomba Taasisi ya Elimu mchape hadithi kama mnavyochapa vitabu vya kiada, ziwe ni haki ya mtoto na sio zawadi ya mfadhili.

Na zitungwe hapa hapa. Tuna vyuo vya ualimu Monduli, Patandi, Marangu, vyuo vikuu nimeshavitaja, vimejaa vijana wanaosomea kufundisha Kiingereza. Kila mmoja wao aandike hadithi moja ya Kiingereza chepesi kabla hajamaliza, iwe sehemu ya alama zake, mhadhiri aisahihishe kwa ukali. Hadithi za Soko la Kilombero, za kahawa ya Kibosho, za kijana aliyepotelewa na mbuzi Longido, za konda wa kifodi, mtoto akutane na maisha anayoyajua kwa lugha asiyoijua, ndio namna neno jipya linavyomkaa kichwani. Kwa kuanzia hata kutunga sio lazima, kuna African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini 2014, hadithi ziko bure, leseni inakuruhusu kuchapa na kutafsiri na kubadilisha, kwa Kiingereza zipo na kwa Kiswahili zipo. Halmashauri yenye printa moja nzima inaweza kuanza mwezi ujao. Walimu wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kuna kitu kama hicho.

NECTA, nyie nina ombi lenu peke yenu.

Fizikia ina praktiko. Kemia ina praktiko. Baiolojia ina praktiko. Kiingereza, kitu cha mdomo na masikio, mtihani wa kidato cha nne ni karatasi tupu, masaa matatu, kimya. Mtoto anaweza kupata A hajawahi hata siku moja kuulizwa swali kwa Kiingereza akalijibu kwa sauti yake mbele ya mtu. Na mwalimu anafundisha kinachopimwa, hilo mwalimu yeyote duniani atafanya, hasa kama matokeo yanabandikwa na shule inalinganishwa na nyingine na mkuu wa shule anaitwa kujieleza. Nikitumia vipindi viwili watoto waongee, mwenzangu ananiuliza kwa nia njema kabisa, ticha silabasi utaimaliza saa ngapi.

Mkiweka kuongea na kusikiliza kwenye mtihani, mtabadilisha ufundishaji wa Kiingereza nchi nzima ndani ya mwaka mmoja kuliko semina zote. Najua mtasema gharama, mtasema watahini, mtasema udanganyifu, na ni hoja za kweli. Basi anzeni kidogo, anzeni na zile alama za maendeleo tunazowatumia toka shuleni. Watoto wawili wawili wanakaa, wanapewa picha au jambo la kupanga pamoja, wanaongea dakika tano, mwalimu wa shule jirani ndio anayetoa alama ili mtu asijipendelee, simu janja inarekodi. Darasa la watoto 70 ni jozi 35, mara dakika tano ni dakika 175, haifiki masaa matatu. Ni asubuhi moja. Shule inayoweza kupanga praktiko ya kemia na zile asidi na mabomba yake haiwezi kushindwa na watoto wawili kuongea.

Kwamba watoto wetu wanaweza, ushahidi tunauona huku kila siku. Nendeni geti la Marangu au la Machame asubuhi mkasimame pembeni. Kuna vijana pale wapagazi, wagumu tunavyowaita, wengine waliishia darasa la saba, wanaongea Kiingereza na wageni kinaeleweka, wanatania, wanaelewana, na wengine wamepanda mpaka kuwa maguide. Hawakufundishwa na mtu sarufi ile. Walisikia, walikuwa na shida ya kuongea, walikosea wakaendelea, hakuna aliyewacheka wala kuwachapa. Na mwenzake aliyemaliza fom foo, miaka minne ya kufundishiwa kwa Kiingereza, anaogopa kufungua mdomo.

Msinielewe vibaya, sisemi watoto wote wakapande mlima. Kile Kiingereza cha mlimani kina mpaka wake, mtafiti wa lugha Jim Cummins wa Kanada alishaeleza tangu 1979 kwamba lugha ya kuongea na mtu na lugha ya kusomea masomo ni ngazi mbili tofauti, ya kwanza inakuja upesi na ya pili inachukua miaka. Yule kijana ukimpa kitabu cha baiolojia atakwama kama wa kwangu. Lakini amepanda ngazi ya kwanza. Sisi tunamtaka mtoto aruke aanzie ya pili.

Geuzeni jambo hilo hilo mliangalie upande wa pili. Pale Usa River, kile chuo cha Wadenmark, MS-TCDC, kipo tangu 1967 na wanafundisha wageni Kiswahili. Siku ya soko Tengeru, Jumatano na Jumamosi, utakutana na mzungu ana wiki chache tu nchini anauliza bei ya ndizi, anakosea ngeli, mama anacheka, anamsahihisha, anajaribu tena. Walimu wake ni Watanzania wenzetu! Yaani utaalamu wa kufundisha lugha ya kigeni kwa mtu mzima akaongea haraka tunao hapa hapa kwenye mkoa, kwenye vichwa vya watu wetu, tunautumia kumfundisha mgeni Kiswahili, na mtoto wetu tunamnakilishia sentensi ubaoni. Afisa elimu mkoa, naomba uwakutanishe walimu wa aina hiyo na sisi, hata Jumamosi mbili tu kwa mwaka.

Kuhusu viboko na vibao. Bado kuna shule mtoto akikamatwa anaongea Kiswahili anatundikiwa kibao shingoni au anachapwa, na getini pameandikwa kwa rangi kubwa kwamba hapa ni Kiingereza tu. Wasomi mnajua hiyo fikra imetoka mbali. Mwaka 1961 pale Makerere, Uganda, ulifanyika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza, na yaliyotawala ndio hayo, kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, kwamba lugha nyingine zikitumika kitaharibika, kwamba kikianza mapema na kikiwa kingi ndio bora, kwamba mwalimu bora ni mzungu mwenye lugha yake. Msomi wa lugha Robert Phillipson alikuja kuyachambua moja moja mwaka 1992 akaonyesha hayana msingi. Mnalifundisha hili vyuoni, nina uhakika, kwa sababu mimi nilifundishwa. Sasa mbona kibao bado kipo? Mtoto anayeogopa haongei, na asiyeongea hajifunzi kuongea. Huyu wa Ngaramtoni tunamuadhibu kwa sababu ya lugha ambayo ndiyo ngazi yake pekee ya kupandia. Waziri toa waraka, mstari mmoja unatosha, na udhibiti ubora waangalie hilo wanapotembelea shule kama wanavyoangalia andalio la somo na azimio la kazi.

Wapo watakaosema madarasa yetu yamejaa, mambo haya ni ya Ulaya. Mtaalamu wa kufundisha Kiingereza, Prabhu, alifanyia kazi yake kusini mwa India, Bangalore, 1979 mpaka 1984, shule za kawaida, madarasa yamejaa, akaacha kufundisha kanuni akawapa watoto kazi za kufikiri, soma ratiba hii ya treni, tafuta njia kwenye ramani hii, na Kiingereza kikaja kupitia kazi. Ratiba ya basi la Moshi kwenda Dar inatosha kwa kipindi kizima. Ninaifanya, inakwenda, watoto wanagombania kujibu.

Muda wa kujifunza haya yote tunao pia, kwenye MEWAKA. Ile ya walimu kukutana shuleni kujifunza kazini naiunga mkono, ni moja ya vitu bora mlivyoleta. Lakini walimu wa Kiingereza kwenye shule moja tuko wawili, watatu, tunakutana tunaangaliana. Tukutanisheni kikata au kitarafa, na kila kundi lipewe mhadhiri mmoja wa chuo cha karibu kuwa mlezi wake kwa mwaka mzima, awe anakuja mara moja kwa mwezi, alipwe nauli, na kazi hiyo ihesabike anapopandishwa cheo sawa na makala anazochapisha. Hili la cheo ni la muhimu kweli, wakuu wa vyuo msilipite. Profesa hatakuja huku kama kuja kwake hakuhesabiki popote, ana watoto wa kusomesha kama sisi. TELTA, chama chetu cha walimu wa Kiingereza, nao waingizwe, na mwalimu wa kata ajue kwamba kipo na kina nafasi yake.

Kwa Arusha na Kilimanjaro peke yake tuna vyuo vya kutosha kuanza bila kusubiri mikoa mingine. Walimu wa Kiingereza wa kata zetu tumeshakubaliana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tutakuwa tunakutana kuanzia saa tatu asubuhi, darasa tunalo, ubao upo, chai tutachangishana. Tunahitaji mtu wa kutulea na boksi la kwanza la hadithi. Afisa elimu wa wilaya anajua namna ya kutupata.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiingereza, sekondari ya kata, Arusha